Jiko la nje Kigamboni linatoa jasho: maji yanatoka chini, juu au kwenye mchanga?

#1 Kibada_Kwetu
Wakuu habari. Naombeni mawazo kabla sijamwaga hela mara ya pili.

Mwaka jana mwezi wa 8 nilijenga jiko la nje huku Kibada, nyuma ya nyumba, kama hatua kumi toka mlango wa jikoni. Sio kubwa, mita 4 kwa 3, kuta tatu, mbele nimeziba kwa wavu wa mbu na mlango mwepesi, bati la mteremko mmoja. Kaunta ni tofali za nchi 5, juu nikamwaga slabu ya nondo nikabandika tailizi, sinki moja, plate mbili za gesi na sehemu ya jiko la mkaa. Chini ya kaunta seremala akanipigia kabati na milango yake. Lilipendeza aisee, kila mgeni alikuwa anapigia picha pale.

Vuli ikapita salama. Masika haya ndo yameniumbua. Plasta ya kaunta imevimba, inamenyeka kama ganda la kiazi kilichochemshwa kuanzia chini mpaka usawa wa goti, inatoa unga mweupe, ukipitisha kidole unadondoka. Milango ya kabati imevimba, mmoja haufunguki kabisa na mle ndani kuna sufuria za mke wangu tangu mwezi wa 4, anazidai kila siku. Chini ya slabu kumetokea mstari wa kutu. Asubuhi ukiingia harufu ni kama belo la mtumba lililolowa.

Fundi wa kwanza kasema mchanga ni wa pwani, una chumvi. Wa pili kasema hakuna DPC, ile roli ya kuzuia maji ya ardhini yasipande ukutani. Aliyejenga mwenyewe nimempigia ananiambia "bosi hiyo ni hali ya hewa". Nani mkweli hapo?

#2 Nakaa_Hapa
Uzi bila picha. Nakaa hapa nasubiri wajuzi.

#3 Saidia_Fundi_Mstaafu
Mkuu mi nimebeba zege miaka 8 kabla mgongo haujagoma, nikupe siri ya saiti. Nyumba kubwa ina ramani, ina injinia anapita, ina bosi anakuja na gari kila jioni kuhesabu mifuko. Jiko la nje halina ramani. Linajengwa siku ambayo fundi anasubiri mbao za kenchi zifike, kwa mchanga uliofagiwa, tofali zilizovunjika pembe na mfuko wa saruji uliofunguliwa juzi. DPC hapo nani aikumbuke, na roli lenyewe lilishaisha kwenye nyumba kubwa. Mi nipo na fundi namba 2 kabla hata ya picha.

#4 Kibada_Kwetu
#3 hapana mkuu, nyumba ilishaisha miaka mitatu nyuma, hili nimenunua kila kitu kipya. Saruji mifuko 22 nimeibeba mwenyewe kwenye kirikuu. Picha zinagoma kupanda, intaneti ya huku nayo ina unyevu.

#5 Injinia_Kata_Kona
Mabaki au mapya sio hoja. Tofali la saruji ni kama utambi wa kibatari, ukichovya chini kitu kinapanda chenyewe, hakihitaji pampu. Maji ya ardhini yanapita kwenye vitundu vidogo vya tofali na lipu, yakifika sehemu yenye upepo yanakauka, lakini ile chumvi yaliyokuja nayo haikauki, inabaki inajikusanya chini ya rangi, inakua, inasukuma. Usawa wa goti anaousema mleta uzi ndo alama ya maji ya chini kabisa, yangetoka juu ungeona madoa yanashuka na sio yanapanda.

DPC inatakiwa ikae angalau milimita 150 juu ya ardhi ya nje, kama urefu wa kalamu. Na chini ya jamvi la sakafu iwepo nailoni nzito. Swali kwako #1, uliweka nailoni kabla ya kumwaga jamvi?

#6 Kibada_Kwetu
Niliweka. Nailoni nyeusi, nimenunua mwenyewe nikaitandika mwenyewe juu ya kifusi. Kaunta imepanda moja kwa moja juu ya hilo jamvi.

#7 Injinia_Kata_Kona
Baada ya kuitandika walipita na toroli juu yake?

#8 Kibada_Kwetu
Walipita na toroli, na kokoto, na viatu, na mbuzi wa jirani.

#9 Saidia_Fundi_Mstaafu
Hiyo sio nailoni tena hiyo ni chujio la tui.

#10 Mwana_wa_Kisauni
Wajameni, huku Mombasa tatizo ni hilohilo. Nilijenga jikoni ya nje kwa mawe ya matumbawe, fundi akanipa nailoni ile nyepesi ya kufunikia mizigo sokoni, nikaona nimeokoa pesa. Mwaka haukuisha ukuta ukaanza kulia. Nilipobomoa sakafu nikatumia ile ya geji 1000, ambayo ni maikroni 250, na kabla ya kuitandika tukamwaga mchanga laini juu ya kifusi ili mawe yasiitoboe, na pale vipande vinapokutana vikalaliana kama futi moja na utepe juu. Sakafu sasa ni kavu, lakini ukuta mmoja bado unalia na sijui kwa nini, kwa hivyo nami nafuatilia hapa.

#11 Bati_Geji_28
Mnakimbilia chini wakati mvua inanyesha toka juu. Mkuu #1 bati lako limetoka nje ya ukuta kiasi gani? Na gata ipo?

#12 Kibada_Kwetu
Limetoka kama sentimita 20 hivi. Gata sijaweka.

#13 Bati_Geji_28
Basi tumemaliza. Bati la mita 4 bila gata kwenye mvua ya masika linamwaga ndoo kwa ndoo palepale mguuni mwa ukuta, yale maji yanagonga sakafu yanaruka. Chukua fimbo pima yanaruka mpaka wapi, utakuta ni huohuo usawa wa goti anaouimba injinia. Bati litoke angalau sentimita 60 na gata iende kwenye simtank. Mimi nauza mabati, sifichi, lakini hata nisingeuza ningesema hivi.

#14 Injinia_Kata_Kona
#13 kaunta ipo ndani kaka. Matone yanayoruka nje yanalowesha uso wa nje wa ukuta, plasta inayomenyeka kwa mleta uzi ni ya kaunta ndani.

#15 Bati_Geji_28
Kaunta imeegemea ukuta upi? Ukuta ule ule unaopigwa na maji. Tofali za nchi 5 ndo zizuie mvua ya Dar?

#16 Mama_Ntilie_Digital
Wanaume mmekaa mnabishana nailoni na bati, kuna hata mmoja anayepika humo?

Mimi nina jiko la nje Mbagala, napikia watu 70 mpaka 80 kwa siku, mwaka wa sita huu. Nianze na kabati. Ile mbao ya unga uliogandishwa ukiweka chini ya kaunta ya nje ni sawa na kuweka mkate kwenye chai. Nilipigiwa kabati zuri la laki 3 na nusu, miezi mitano ikafumuka pembe zote, na mende wakahamia na familia. Nikang'oa, nikafunga waya nikaning'iniza kitenge. Miaka minne sasa, kikichafuka nafua, kikichoka nanunua kingine, upepo unapita sufuria zinakauka. Mleta uzi vunja huo mlango umpe mwenzio vyombo vyake.

Halafu la pili, bati. Mwanzo bati langu lilikuwa chini sana na nimeziba kila upande kwa sababu ya vumbi la barabara. Nikifunua sufuria ya maharage mvuke unapanda, unagonga bati, unarudi matone, na yale matone yamepita kwenye masizi kwahiyo yanarudi meusi. Siku moja tone likatua katikati ya sahani ya wali wa mteja, jeupe kwa jeusi, akalitazama, akanitazama, akaondoka na mpaka leo sijamuona. Nikainua bati futi mbili nikaacha nafasi juu ya ukuta wa nyuma. Matone yakaisha na ule ukungu wa ukutani ukapungua na sikugusa DPC ya mtu yeyote.

#17 Nakaa_Hapa
Wali wa masizi 😂 huyo mteja nahisi nilikuwa mimi.

#18 Mzee_wa_Tipa
Naendesha tipa la mchanga mwaka wa 11 kwahiyo kwenye mchanga niacheni niongee. Watu wakiona mchanga mweupe wanasema wa pwani. Sio kweli. Kigamboni kuna mashimo ya mchanga mweupe nchi kavu na hauna shida. Kuna mwingine mwekundu umechotwa karibu na mikoko maji yakijaa yanaufikia, huo ndo una chumvi na rangi yake nzuri inakudanganya. Na usiku vyote viwili vinaweza kuwa kwenye tripu moja, sisemi zaidi.

Kupima ni rahisi, chukua mchanga uliobaki tia kwenye glasi na maji ya kunywa, koroga, acha utulie, onja maji. Ukiona vipande vya kome ndo usihangaike hata kuonja.

Chumvi ya bahari kazi yake kuita maji kutoka hewani. Ndo maana kuna kuta zinalowa siku ambayo hakuna mvua wiki nzima, ni joto la mawingu tu. Mleta uzi, siku kama hizo ukuta wako unakuwaje?

#19 Kibada_Kwetu
Unalowa! Wiki iliyopita jua lilikuwa limefunikwa, mvua hakuna, nikakuta ule unga mweupe umekuwa kama uji. Jua lilipotoka ukarudi unga. Mchanga uliobaki watoto walishachezea ukaisha.

#20 Mzee_wa_Tipa
Basi ndo hivyo. Na ule mstari wa kutu chini ya slabu ndo chumvi hiyohiyo imefika kwenye nondo. Nondo ikila kutu inanenepa, ikinenepa zege linapasuka, likipasuka hewa na maji vinaingia zaidi. Hapo usipake rangi, gonga kwa nyundo usikilize kama linalia debe.

#21 Injinia_Kata_Kona
Nakubali sehemu, ila kutu hiyo inaweza kuwepo bila chumvi kabisa. Mafundi wengi slabu za kaunta wanalaza nondo moja kwa moja juu ya mbao za fomu, hawaweki vipande vya kuinyanyua, zege chini ya nondo linabaki unene wa kucha. Nje hapo inatakiwa milimita 25 za zege kwa uchache, karibu na bahari zaidi ya hapo, watu wanaenda 40. #1 unakumbuka nondo zilinyanyuliwa?

#22 Kibada_Kwetu
Sikuwepo. Nilikuwa msibani Tanga.

#23 Saidia_Fundi_Mstaafu
Kila siku ya kumwaga zege mwenye nyumba huwa na msiba Tanga.

#24 Ndimu_na_Chumvi
Kuna njia ya kujua ule unga ni nini. Kata ndimu ukamulie juu yake. Ukitoa povu ni chokaa ya kwenye saruji imetoka, haina madhara makubwa, unapiga brashi basi. Usipotoa povu ni chumvi nyingine, na hapo Mzee wa Tipa ana hoja. Wengine wanalamba, chumvi ya kula ulimi unaijua.

#25 Nakaa_Hapa
Yaani majirani wamuone mtu mzima kapiga magoti jikoni analamba ukuta kwa ndimu, tena mke kashanuna sufuria.

#26 Injinia_Kata_Kona
#24 angalizo, ukikamulia ndimu juu ya ukuta lazima itoe povu, kwa sababu lipu lenyewe lina chokaa. Kwangua unga peke yake kwa kisu weka kwenye kisahani ndo ukamulie. Na usioshe ule unga kwa maji wala kumwaga ndoo, unauyeyusha unarudi ndani ya ukuta ukajipange upya. Brashi kavu tu, na vumbi lake ulizoe ulitupe mbali.

#27 Mtoto_wa_Shangani
Assalam alaikum. Mie nipo Unguja, na kila nikisoma habari za saruji nacheka kidogo, mnisamehe. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa ya kuchoma, na boriti za mikoko. DPC hazina. Nyumba ya bibi yangu ilikuwa na jiko uani, moshi mchana kutwa, maji ya kisima yanamwagika sakafuni asubuhi na jioni, na ukuta haukumenyeka hivyo. Chokaa inaachia maji yatoke. Ukuta unalowa, unakauka, kila mwaka mtu anapaka chokaa upya na maisha yanaendelea.

Kisha akaja mjomba na pesa za safari, akapiga lipu la saruji juu ya ukuta ule, akapaka rangi ya mafuta inayong'aa. Miaka miwili lipu likaanguka kipande kizima, nyuma yake mawe yamelowa kama sponji. Maji yalikuwemo siku zote, yeye kayafungia mlango. Mleta uzi ulipaka rangi gani?

#28 Kibada_Kwetu
Rangi ya mafuta. Ili isafishike kirahisi.

#29 Mtoto_wa_Shangani
Haya.

#30 Injinia_Kata_Kona
Chokaa naiheshimu lakini tusidanganyane. Kuta za zamani zina unene wa nusu mita na zaidi, zinaweza kunywa maji na kuyarudisha. Tofali la nchi 5 halina tumbo hilo. Na slabu ya nondo kwenye chokaa haikai, nondo inalindwa na saruji.

#31 Mtoto_wa_Shangani
Nani kasema slabu? Mie nazungumzia lipu la pembeni. Slabu baki nayo wewe na kutu yako.

#32 Nshomile_Asili
Sisi Bukoba tunapata mvua karibu milimita 2,000 kwa mwaka, Dar mnafikisha kama 1,100 mnafungua uzi. Jiko letu la nje kijijini lipo juu ya mwinuko, maji yakija yanapita yanaenda zake kwenye migomba. Tatizo lenu mnajenga bondeni halafu mnatafuta nailoni.

#33 Saidia_Fundi_Mstaafu
Tulijua tu mtafika. Bado kutuambia umeandika hii kwa kalamu ya dhahabu.

#34 Nshomile_Asili
Naandika kwa elimu tu.

#35 Mwalimu_wa_Kemia
Wadau kuna maji ambayo hakuna aliyeyataja isipokuwa Mama Ntilie ameyagusa kwa mbali. Mleta uzi anapikia gesi kwenye chumba cha kuta tatu na wavu. Gesi ya kupikia ikiungua inatoa maji. Haidrojeni iliyo ndani ya gesi inashikana na oksijeni ya hewani, kwahiyo kilo 1 ya gesi inakupa mvuke unaokaribia kilo 1.6 za maji. Mtungi wa kilo 15 ukiisha umepuliza hewani kama lita 24, hapo hujachemsha hata yai.

#36 Nakaa_Hapa
Mwalimu yaani nanunua gesi naletewa na ndoo ya maji ya bure? Hapana aisee hii nakataa.

#37 Mwalimu_wa_Kemia
Usikatae, chukua sufuria kavu ya baridi, tia maji ya baridi, futa kitako vizuri, washa gesi uinamishe kichwa uangalie chini. Sekunde chache za mwanzo kitako kinatoa jasho, kinachuruzika kabisa mpaka sufuria ipate moto. Hayo maji hayajatoka ndani ya sufuria.

#38 Mama_Ntilie_Digital
Ni kweli jamani. Miaka yote nilidhani sufuria zangu zinavuja, kuna moja nilishaigawa kwa ajili hiyo!

#39 Nakaa_Hapa
Nimejaribu sahivi. Imetoa jasho. Nimezima gesi nimekaa tu naitazama.

#40 Injinia_Kata_Kona
Sawa lakini jiko la nje upepo unayabeba. Mvuke haumenyi plasta mpaka gotini peke yake, ungekuwa mvuke ungeona juu kwanza, pembe za darini, sio mguuni.

#41 Mwalimu_wa_Kemia
Sehemu ya baridi kuliko zote mle ndani usiku ni ipi? Ile ya chini iliyogusana na sakafu, tena ndani ya kabati lililofungwa ambako hewa haipiti.

#42 Shemeji_wa_Makambako
Huku kwetu baridi, bati linatoa jasho usiku bila mtu kupika chochote, anga likiwa jeupe asubuhi unakuta matone yamejipanga kwenye bati kwa ndani kama mvua imenyesha humo. Tulipigilia ubao chini ya bati ikapungua. Sijui kama Kigamboni kuna baridi ya hivyo.

#43 Nakaa_Hapa
Kigamboni baridi ni ile ya soda.

#44 Dada_wa_Chuma
Wakati mnaendelea, kwa anayetaka kuepuka mbao, kabati na sinki zipo za chuma kisichoshika kutu, ila karibu na bahari ulizia ile ya 316, ina molibdeni asilimia 2 hadi 3 inahimili chumvi kuliko 304. Wauzaji watakuwekea sumaku wakwambie "ona haishiki, orijino". Sumaku haitenganishi 304 na 316, zote mbili kwa kawaida haziishiki. Inakusaidia tu kuikamata ile ya bei rahisi ya 430.

Na #1 mtungi wako unakaa wapi? Usiniambie kwenye hilo kabati lisilofunguka.

#45 Kibada_Kwetu
Dada, mtungi upo kwenye kabati la pembeni, lile linafunguka. Lina mlango.

#46 Dada_wa_Chuma
Toboa matundu chini, usawa wa sakafu, leo. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja inashuka inajaa chini kama maji kwenye beseni. Matundu ya juu peke yake hayakusaidii. Au utoe mtungi nje kabisa.

#47 Kibada_Kwetu
Nimetoa nje. Asante.

Wakuu kuna kitu sikukisema kwa sababu sikuona kama kinahusu. Mwezi wa 1 nilipiga pevingi uani kote, kuanzia geti mpaka nyuma. Fundi wa pevingi alinyanyua usawa ili maji yasituame, kwahiyo sasa hivi uwanja wa nje upo juu ya sakafu ya jiko kama nchi mbili.

#48 Injinia_Kata_Kona
...

#49 Saidia_Fundi_Mstaafu
Bosi!!! Posti 47 ndo unasema!

#50 Bati_Geji_28
Kwahiyo bati halina gata, linamwaga kwenye pevingi, pevingi ipo juu ya sakafu. Maji yaende wapi, Tanga msibani?

#51 Injinia_Kata_Kona
Na ndo maana vuli ilipita salama, wakati ule pevingi haikuwepo. Hata kama DPC ingekuwepo pevingi ingeipita juu. Sasa maji yanaingia kwa ubavu, yanatambaa chini ya tailizi juu ya jamvi na ile nailoni iliyobaki nzima inayazuia yasishuke. Yanabaki humo. Chimba mfereji kuzunguka kuta, toa pevingi upana wa futi moja, shusha mpaka chini ya usawa wa sakafu, jaza kokoto tupu.

#52 Mzee_wa_Tipa
Na ukuta unaolowa bila mvua wiki nzima mmeshausahau? Pevingi nayo inaita maji toka hewani?

#53 Mwana_wa_Kisauni
Mimi sina pevingi na ukuta wangu walia. Kwa hivyo kwangu mimi pevingi si jibu, labda kwake.

#54 Mama_Ntilie_Digital
Mngesema yote hayo huku mmeshafungua kabati.

#55 Injinia_Kata_Kona
Tusikisie, #1 fanya hivi. Kata nailoni inayoonyesha, vipande vya mraba kama sentimita 45, bandika kwa utepe pande zote nne, kimoja mguuni mwa kaunta, kimoja ukuta wa nyuma juu, kimoja sakafuni. Acha usiku na mchana. Unyevu ukiwa nyuma ya nailoni unatoka ukutani, ukiwa mbele unatoka hewani.

#56 Kibada_Kwetu
Leo jioni nabandika.

#57 Pima_Maji
Nimesoma uzi wote, hakuna aliyeuliza juu ya kaunta yenyewe. Tailizi hazizuii maji wakuu, grauti, ile ya kuziba katikati ya tailizi, inanyonya. Kaunta ya nje inataka mteremko, sentimita 1 hadi 2 kila mita, maji yasikae. Halafu ukingo wa mbele, chini yake inachorwa mfereji mdogo upana wa kidole ili tone likifika pale lidondoke, bila hivyo linageuka kwa chini linatambaa mpaka kwenye plasta na milango. Weka kijiko cha maji ukingoni uone yanaelekea wapi. Huo mstari wa kutu mi nauona ni njia ya hilo tone.

#58 Bati_Geji_28
Huyu nae kaja na maji yake. Mpaka sasa tuna maji ya chini, ya juu, ya ubavuni, ya hewani, ya gesi na ya kijiko.

#59 Kibada_Kwetu
Nimerudi wakuu, siku mbili zimepita. Matokeo.

Nailoni ya mguuni mwa kaunta: nyuma yake matone, mengi, yamechuruzika mpaka kwenye utepe. Ya ukuta wa nyuma: nyuma kavu, mbele ina umande asubuhi, mke alikuwa amechemsha maharage usiku. Ya sakafuni: kavu pande zote mbili. Kijiko cha maji nacho nimejaribu, yamegeuka chini ya ukingo kama alivyosema #57. Unga niliukwangua kwenye kisahani nikakamulia ndimu, umetoa povu kidogo halafu ukaacha, sijui hiyo tunaitaje. Sijalamba.

#60 Injinia_Kata_Kona
Mguuni nyuma matone. Maji ya ukutani. Nilisema.

#61 Mwalimu_wa_Kemia
Ukuta wa nyuma mbele umande. Mvuke. Na mimi nilisema.

#62 Mzee_wa_Tipa
Sakafu kavu, kwahiyo nailoni yako haijatoboka kihivyo na maji hayatoki chini. Povu kidogo maana yake kuna na kingine ndani ambacho sio chokaa. Chumvi.

#63 Mtoto_wa_Shangani
Mguuni kuna rangi ya mafuta?

#64 Kibada_Kwetu
Ipo. Nimeikwangua kipande leo, pale nilipokwangua pamekauka, pembeni bado pamelowa. Sijui ni kwa sababu ya jua.

Halafu nimeng'oa ule mlango kwa nondo. Mle ndani chini ya sinki kiungio cha bomba kinadondosha tone moja kila nikihesabu mpaka 20. Sijui ni tangu lini.

#65 Saidia_Fundi_Mstaafu
Mungu wangu. Fundi bomba naye kaingia kwenye kesi.

#66 Injinia_Kata_Kona
Tone hilo haliwezi kulowesha upande wa pili wa kaunta, mita 3 toka kwenye sinki. Kaza kiungio, lakini mfereji chimba vilevile.

#67 Bati_Geji_28
Na gata.

#68 Mtoto_wa_Shangani
Na hiyo rangi iondoe yote, uache ukuta mpaka vuli.

#69 Mama_Ntilie_Digital
Sufuria zimetoka?

#70 Kibada_Kwetu
Zimetoka mama. Sufuria nzima, zina ukungu tu, ila kikaango chake cha chuma cha chapati kimeliwa na kutu chote. Nikataka kumuelezea habari za pevingi, akaniambia "bosi hiyo ni hali ya hewa", akaingia ndani.

#71 Chanika_Mpya
Wakuu habari, mi naanza kujenga jiko la nje wiki ijayo, je ni lazima kuweka DPC?

#72 Nakaa_Hapa
Rudi #1. Na beba ndimu.